Tiba ya Usemi na Lugha: Misingi Ambayo Kila Familia Inapaswa Kuifahamu

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Katika jamii nyingi, mtoto anayechelewa kuzungumza huambiwa kuwa ataongea wakati wake ukifika, na mzee aliyepotewa na maneno baada ya kupata kiharusi huhesabiwa kuwa amepotewa na akili pia. Kauli hizo mbili hutolewa kwa nia njema, lakini humnyima mhusika muda ambao tiba ingemsaidia zaidi. Mtoto huingia shuleni bila lugha ya kujifunzia, na mzee hukaa kimya ndani ya nyumba yake mwenyewe huku akielewa sehemu kubwa ya yanayosemwa juu yake.

Makala hii inaeleza namna tiba ya usemi na lugha inavyofanya kazi, kanuni zinazoiongoza, na wajibu wa familia katika tiba hiyo. Mwananchi anayezifahamu kanuni hizo anaweza kutafuta huduma mapema, kuuliza maswali yanayofaa na kutambua ahadi zisizo na msingi.

Tiba hii inahusu nini

Tiba ya usemi na lugha ni sehemu ya huduma za utengamao, sambamba na fiziotherapia na tiba kwa vitendo. Inashughulikia maeneo matano yanayokaribiana, ambayo watu wengi huyachanganya.

La kwanza ni lugha, yaani uwezo wa kuelewa maneno na kuyapanga ili kueleza jambo. La pili ni matamshi, yaani namna ulimi, midomo, kaakaa na taya zinavyounda sauti za maneno. La tatu ni mtiririko wa usemi, ambako kigugumizi ndilo tatizo linalojulikana zaidi. La nne ni sauti yenyewe, inayotoka katika nyuzi za sauti zilizomo ndani ya zoloto. La tano ni kumeza, kwa kuwa viungo vinavyotumika kuzungumza ndivyo hivyo hivyo vinavyotumika kula na kunywa.

Tofauti hizo zina maana kubwa katika tiba. Watu watatu waliopata kiharusi wanaweza kufika kliniki wakiwa na malalamiko yanayofanana, yaani “hasemi vizuri”. Wa kwanza ana afasia: ubongo wake umejeruhiwa katika sehemu za lugha, hivyo hupotewa na maneno au hashiki vema anayoambiwa. Wa pili ana disathria: maneno anayo, lakini misuli ya ulimi na midomo imelegea na usemi wake unasikika kama wa mtu aliyelewa. Wa tatu ana apraksia ya usemi: misuli ina nguvu na maneno anayo, ila ubongo unashindwa kupanga mfuatano wa miondoko ya kutamka, kwa hiyo neno moja hulitamka kwa namna tatu tofauti ndani ya dakika moja. Kuwapa wote watatu zoezi moja ni sawa na kuwapa dawa moja wagonjwa wa malaria, kifua kikuu na shinikizo la damu.

Ujuzi huu una historia ndefu. Mwaka 1861, daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Paul Broca, alieleza habari za mgonjwa mmoja wa Paris ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitamka silabi moja tu, “tan”, ingawa alionekana kuelewa mengi aliyoambiwa. Baada ya mgonjwa huyo kufariki, uchunguzi ulionyesha jeraha katika sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto. Mwaka 1874, Carl Wernicke wa Ujerumani alieleza hali iliyo kinyume chake: wagonjwa waliozungumza kwa mtiririko, lakini maneno yao yalikosa maana na uelewa wao ulikuwa umepungua. Tangu wakati huo imefahamika kwamba kupotewa na usemi si lazima kuambatane na kupotewa na akili.

Msingi wa kwanza: uchunguzi hutangulia tiba

Mtaalamu haanzi kwa mazoezi, huanza kwa kuchunguza. Kwa mtoto, swali la awali ni hili: je, anasikia? Mtoto hujifunza lugha kwa kuisikia, na usikivu hafifu unaweza kufichika kwa sababu mtoto hugeuka mlango unapobamizwa, ilhali sauti nyembamba za maneno hazimfikii. Usaha wa masikioni unaojirudia, ambao wazazi wengine huuona kuwa jambo la kawaida la utotoni, unaweza kupunguza usikivu katika miaka ileile ambayo lugha inajengeka. Kwa sababu hiyo, kipimo cha usikivu hutangulia kwa kila mtoto aliyechelewa kusema.

Uchunguzi huangalia pia historia ya ujauzito na kuzaliwa, ukuaji wa jumla, muundo wa kinywa na kaakaa, uelewa, namna mtoto anavyocheza na anavyowasiliana bila maneno. Mtoto asiyesema lakini anayeonyesha kwa kidole, anayemvuta mama mkono na kumtazama usoni, ana picha tofauti na mtoto asiyesema wala kutafuta kuwasiliana.

Uchunguzi huo unapaswa kutofautisha ulemavu na tofauti za kawaida za lugha. Watanzania wengi hujifunza Kiswahili wakiwa tayari na lugha nyingine ya nyumbani. Mtu ambaye lugha yake ya kwanza haitenganishi “r” na “l” anaweza kusema “kura” mahali pa “kula”, au kuchanganya “mahari” na “mahali”. Wengine husema “samani” wanapokusudia “thamani”, au “zahabu” badala ya “dhahabu”. Hayo ni athari za lugha moja juu ya nyingine, si ugonjwa, na hayahitaji tabibu. Tatizo la kweli hujitokeza katika lugha zote anazozungumza mtu, si katika moja tu.

Msingi wa pili: lengo hutokana na maisha ya mhusika

Mwaka 2001, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliidhinisha mfumo wa kimataifa wa kuainisha ulemavu na afya unaotazama mambo matatu kwa pamoja: hali ya mwili, shughuli anazoweza kufanya mtu, na ushiriki wake katika jamii. Mfumo huo unatambua vilevile kwamba mazingira yanaweza kumsaidia mtu au kumzuia.

Kwa tiba ya usemi, maana yake ni kwamba lengo halipaswi kuwa “aboreshe matamshi” pekee. Muuza samaki aliyepata kiharusi anahitaji kwanza kutaja bei, kuhesabu chenji na kupiga simu. Mwalimu aliyeharibikiwa na sauti anahitaji kumaliza vipindi vya siku bila kukauka koo. Mtoto wa darasa la pili anahitaji kusoma kwa sauti mbele ya wenzake bila kuchekwa. Lengo linalofaa hutajwa kwa lugha inayopimika: kwa mfano, mgonjwa ataweza kutaja majina ya watu watano wa nyumbani kwake, bila kusaidiwa, baada ya wiki nane.

Kwa hiyo familia inapoulizwa kliniki, “Mngependa aweze kufanya nini kwanza?”, swali hilo ni sehemu ya tiba. Lijibiwe kwa makini.

Msingi wa tatu: hatua kwa hatua, kutoka rahisi kwenda gumu

Mmoja wa waasisi wa fani hii nchini Marekani, Charles Van Riper, ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, alichapisha mwaka 1939 kitabu kilichofafanua misingi na mbinu za kurekebisha usemi. Kwa upande wa matamshi, utaratibu uliotokana na kazi yake bado unatumika: mtu hufundishwa kwanza kuisikia tofauti ya sauti, kisha kuitoa sauti peke yake, halafu katika silabi, neno, sentensi, na mwisho katika mazungumzo ya kawaida.

Tuchukue mtoto wa miaka mitano anayesema “tutu” akimaanisha kuku, na “dali” akimaanisha gari. Sauti “k” na “g” hutolewa kwa sehemu ya nyuma ya ulimi kugusa nyuma ya kaakaa, naye huzitoa kwa ncha ya ulimi mbele. Kwa mtoto wa miaka miwili jambo hilo ni la kawaida. Kwa mtoto wa miaka mitano ni ishara kwamba anahitaji msaada.

Mtaalamu humwekea mezani picha mbili, ya kaa na ya taa. Husema “kaa”, na mtoto huonyesha picha sahihi. Zoezi hili la kusikia hurudiwa hadi mtoto asikosee. Kisha wanabadilishana nafasi: mtoto ndiye anayetamka na mtaalamu ndiye anayeonyesha. Mtoto akisema “taa” ilhali alitaka kaa, mtaalamu huinua picha ya taa. Hapo mtoto hugundua mwenyewe kwamba sauti moja imebadili maana, na ugunduzi huo humfunza kuliko kukaripiwa mara ishirini. Baada ya hapo hufuata silabi “ka, ke, ki, ko, ku”, kisha maneno “kuku”, “kaka” na “koti”, kisha sentensi fupi kama “Kaka amekamata kuku”, na hatimaye hadithi ambayo mtoto anaisimulia bila kukumbushwa.

Hatua ya mwisho ndiyo inayochukua muda zaidi. Mtoto anaweza kutamka vizuri mbele ya mtaalamu na kurudia kosa mara tu anapotoka nje kucheza. Hilo halimaanishi kuwa tiba imeshindwa. Linamaanisha kuwa ujuzi mpya haujahamia bado katika maisha ya kila siku, na ndiyo maana tiba haikatizwi siku mtoto anapopatia sauti kwa mara ya kwanza.

Inafaa kusisitiza jambo moja. Mazoezi ya kupuliza puto, kupuliza mishumaa au kuzungusha ulimi hayajathibitishwa kusahihisha matamshi ya mtoto. Anayetaka kujifunza kutamka hufundishwa kutamka, kama vile anayetaka kujifunza kuogelea lazima aingie majini.

Msingi wa nne: marudio na kiwango cha tiba

Ubongo hubadilika kwa kutumiwa. Mwaka 2008, watafiti Jeffrey Kleim na Theresa Jones waliainisha kanuni 10 za mabadiliko hayo zinazohusu utengamao baada ya ubongo kujeruhiwa. Miongoni mwake ni kwamba uwezo usiotumika hufifia, kwamba marudio na nguvu ya mazoezi vina uzito, kwamba wakati una nafasi yake, na kwamba zoezi lenye maana kwa mhusika hufanya kazi kuliko lisilo na maana kwake.

Kwa mantiki hiyo, kikao kimoja cha nusu saa kila mwezi hakiwezi kuleta mabadiliko makubwa kisipofuatwa na mazoezi nyumbani. Mfano mmojawapo ni tiba ya sauti iitwayo LSVT LOUD, iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ugonjwa wa Parkinson, ambao sauti zao hudhoofika hadi kuwa mnong’ono. Tiba hiyo hutolewa kwa vikao 16, siku nne kila wiki kwa wiki nne, pamoja na mazoezi ya kila siku nyumbani, na shabaha yake ni moja tu: kuzungumza kwa sauti kubwa zaidi.

Kwa wenye afasia, utafiti uliofanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2017 katika jarida la The Lancet ulihusisha watu ambao miezi sita au zaidi ilikuwa imepita tangu wapate kiharusi. Waliopewa tiba ya angalau saa 10 kwa wiki, kwa wiki tatu, walipata nafuu katika mawasiliano yao ya kila siku, ilhali waliokuwa wakisubiri zamu yao hawakuipata. Matokeo hayo yanaondoa dhana kwamba mgonjwa akivuka miezi michache ya mwanzo bila kusema hakuna tena la kufanya.

Kuanza mapema ni kuzuri, lakini si sawa na kumchosha mgonjwa. Katika siku za mwanzo baada ya kiharusi, mtu huchoka haraka. Vipindi vifupi vya dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku, humfaa kuliko saa nzima ya kumhoji.

Msingi wa tano: kusaidia bila kumfanyia

Mgonjwa anapokwama kwenye neno, wengi wetu hulitaja kwa niaba yake ili kumwondolea aibu. Mtaalamu hufanya vingine: hutoa msaada kwa ngazi, akianza na mdogo. Mathalani, mgonjwa anatazama picha ya mswaki na neno halimjii. Kwanza hupewa muda. Kisha huulizwa kinatumika kufanyia nini. Kisha huanziwa sentensi: “Asubuhi ninapiga…” Kisha hupewa silabi ya mwanzo. Jina lenyewe hutajwa mwisho kabisa, naye hulirudia. Kadiri siku zinavyopita, msaada hupunguzwa.

Nyumbani kanuni hiyo hutumika kwa njia rahisi. Muulize mgonjwa maswali ya ndiyo au hapana anaposhindwa kueleza. Zungumza naye kwa sentensi fupi, redio ikiwa imezimwa, mkitazamana. Mpe muda wa kujibu. Usizungumze naye kama mtoto, na usimjadili mbele yake kana kwamba hayupo.

Msingi wa sita: familia ni sehemu ya tiba

Mtoto hukaa na mtaalamu kwa muda mfupi na hukaa na familia yake siku zote. Kwa sababu hiyo, mbinu nyingi za kisasa humfundisha mzazi namna ya kusaidia. Programu ya Lidcombe, iliyoanzishwa Sydney, Australia, kwa ajili ya watoto wadogo wenye kigugumizi, hutolewa na mzazi mwenyewe nyumbani kila siku chini ya uangalizi wa mtaalamu. Mzazi hufundishwa kuusifu usemi laini wa mtoto mara nyingi, na kutaja kukwama kwake kwa nadra na kwa upole.

Kuhusu kigugumizi kwa jumla, inakadiriwa kuwa takribani asilimia 5 ya watoto hukipitia katika umri mdogo na wengi wao hupona, huku takribani asilimia 1 ya watu wakibaki nacho. Mara nyingi huanza kati ya miaka miwili na mitano, huwapata zaidi watoto wa kiume, na huelekea kurithiwa katika ukoo. Hakisababishwi na kutekenywa wala kuiga. Kumwambia mtoto “tulia kwanza, vuta pumzi” au kummalizia sentensi humwongezea hofu. Linalofaa ni kumsikiliza hadi mwisho, kujali anachosema zaidi ya namna anavyokisema, na kumzuia yeyote asimcheke.

Kwa mtoto aliyechelewa lugha, mzazi anashauriwa kuongea naye juu ya yale wanayofanya kwa wakati huo: kumwogesha, kuchambua mchele, kuanika nguo. Mtoto akisema “maji”, mzazi humwongezea kidogo: “Ndiyo, maji ya moto.” Hadithi, vitendawili na nyimbo za watoto ni vifaa bora, na havigharimu chochote. Simu na televisheni haviwezi kuchukua nafasi ya mtu anayemjibu mtoto.

Lugha ya nyumbani isiachwe

Baadhi ya wazazi hushauriwa kuacha lugha yao ya nyumbani ili mtoto aliyechelewa asichanganyikiwe. Ushauri huo hauna msingi wa kitaalamu. Kukua na lugha mbili hakusababishi ulemavu wa lugha, na watoto wenye ulemavu huo wanaweza kujifunza lugha zaidi ya moja. Bibi anayelea mjukuu akikatazwa kutumia lugha anayoimudu, atakachobaki nacho ni amri fupi fupi katika lugha asiyoizoea, na mtoto atakosa mazungumzo yenye uhai ambayo ndiyo anayoyahitaji.

Njia nyingine za kuwasiliana

Wapo ambao maneno hayatawatosha, angalau kwa sasa: baadhi ya watoto wenye mtindio wa ubongo au usonji, na baadhi ya watu waliopata kiharusi kikubwa. Hao hupewa njia nyingine, kama vile ubao wa picha, ishara, maandishi au programu za simu. Mtoto kiziwi ana haki ya kujifunza Lugha ya Alama mapema, na familia yake vilevile.

Wazazi wengi huhofia kwamba mtoto akizoea picha hatasema tena. Tafiti hazijathibitisha hofu hiyo. Kwa baadhi ya watoto, picha na ishara huandamana na kuongezeka kwa usemi. Mtoto anayeweza kuonyesha kwamba ana njaa au tumbo linamuuma hupungukiwa na sababu ya kujipiga au kulia bila kukoma.

Vilevile, kifaa au upasuaji ni mwanzo tu wa safari. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017 kutoa huduma ya kupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia katika sikio la ndani. Mtoto aliyewekewa kifaa hicho huanza kupokea sauti, lakini hajui maana yake. Lazima afundishwe kusikiliza na kusema. Ndivyo ilivyo kwa mtoto aliyezaliwa na mpasuko wa kaakaa: upasuaji huziba mpasuko, na tiba ya usemi humfundisha kupitisha hewa mdomoni badala ya puani.

Usalama wa kumeza

Katika wodi za wagonjwa wa kiharusi, jambo linaloweza kuokoa maisha ni kuchunguza uwezo wa kumeza kabla ya mgonjwa kupewa chakula, kinywaji au dawa kwa mdomo. Chakula kikipita njia ya hewa huweza kusababisha nimonia. Dalili za hatari ni kukohoa au kupaliwa wakati wa kula, sauti inayosikika kama yenye maji baada ya kumeza, chakula kubaki mashavuni, na homa za kifua zinazojirudia.

Ndugu wanaowapelekea wagonjwa uji wanaombwa kuuliza kwanza. Mgonjwa asilishwe akiwa amelala chali wala akiwa na usingizi. Akae wima, apewe kiasi kidogo, na asiharakishwe. Vyakula na vinywaji vina uzito tofauti, na mfumo wa kimataifa unaviainisha katika ngazi nane, kuanzia 0 hadi 7. Mtaalamu ndiye anayeamua ngazi inayomfaa kila mgonjwa.

Yanayopaswa kuepukwa

Kukata kimeo ni desturi inayoendelea katika baadhi ya maeneo kwa imani kwamba hutibu kikohozi au matatizo mengine ya mtoto. Kitendo hicho hakimsaidii mtoto kusema, na kinaweza kusababisha kuvuja damu, maambukizi na hata kifo. Kuhusu udata, yaani ulimi ulioshikwa na utando mfupi chini yake, wapo watoto wachache wanaohitaji kufanyiwa upasuaji mdogo hospitalini, hasa wanaposhindwa kunyonya. Hata hivyo, udata hausababishi mtoto kukosa lugha. Mtoto asiyeelewa maneno hatayapata kwa kukatwa utando.

Mwananchi ajihadhari pia na yeyote anayeahidi tiba ya uhakika ndani ya siku chache, anayeuza dawa ya kumfanya mtoto aongee, au anayeanza kutibu bila kuchunguza.

Wakati wa kutafuta huduma

Mzazi anashauriwa kumpeleka mtoto kituo cha afya iwapo hageuki anapoitwa jina akiwa na mwaka mmoja. Hana neno lenye maana akiwa na mwaka mmoja na nusu. Haunganishi maneno mawili akiwa na miaka miwili na nusu. Au hafahamiki kwa watu wasio wa familia akiwa na miaka minne. Mtoto wa umri wowote anayepoteza maneno aliyokwisha kuyajua apelekwe mara moja.

Kwa mtu mzima, sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu inahitaji kuchunguzwa na daktari wa masikio, pua na koo, hasa kwa mvutaji wa sigara. Usemi unaovurugika ghafla, mdomo kupinda au mkono kukosa nguvu ni dalili za kiharusi, na mgonjwa anapaswa kufikishwa hospitali bila kuchelewa hata kama dalili zimepungua.

Haki na huduma

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inatambua haki ya huduma za afya na utengamao. Mwaka 2017, WHO ilitoa wito wa kimataifa wa kuimarisha utengamao ifikapo mwaka 2030, ili uwe sehemu ya huduma za kawaida za afya.

Wataalamu wa usemi bado ni wachache kulinganisha na mahitaji katika ukanda wetu. Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kimekuwa kikitoa mafunzo ya fani hii, na hapa nchini Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) kina shahada inayojumuisha usikivu na patholojia ya usemi na lugha. Mwananchi aliye mbali na mtaalamu aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye na kuomba rufaa. Mwenye bima ya afya aulize mapema ni huduma zipi za utengamao zinazogharamiwa.

Anapokwenda kliniki, mzazi abebe kadi ya kliniki ya mtoto na orodha ya maneno anayoyasema, na ikiwezekana video fupi ya mtoto akicheza nyumbani, kwa kuwa wengi hunyamaza mbele ya mgeni. Asiondoke kabla ya kupata majibu ya maswali manne: Tatizo ni lipi? Lengo la kwanza ni lipi? Nyumbani tufanye nini kila siku? Na tutajuaje kwamba anaendelea vizuri? Lengo likipita muda wake bila mabadiliko, mtaalamu huipitia upya mbinu yake, na familia ina haki ya kulikumbusha hilo.